Kabla hujalipia jina la tovuti ya nane

Nilikuwa na tovuti saba: ya kuku, ya simu, ya mapishi, hata moja ya majina ya watoto. Kila moja ilikuwa na kurasa nne tano za juujuu. Januari zinakuja ankara saba za kulipia majina upya, na ada ya shule nayo inasubiri. Nikabaki na mbili.

Zamani mtindo ule ulilipa. Ila Februari 2011 Google walileta Panda, badiliko la namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, ikashusha kurasa nyepesi, na Septemba 2012 wakazigeukia tovuti zilizobebwa tu na jina lililofanana na maneno ambayo watu hutafuta.

Wingi wa tovuti hauongezi kasi ya malipo pia. AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo ya kulipwa kwenye tovuti, hukagua kila tovuti kivyake, lakini mapato yote huingia akaunti moja na hulipwa yakifika dola 100. Kinacholiwa ni muda wako.

Ukurasa wangu wa kuku ulikuwa na aya sita. Nikaongeza jedwali la chanjo, kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, na picha za kinyesi cha kuku mgonjwa (samahani kwa mnaokula). Ukurasa huo mmoja unaleta wasomaji kuliko tovuti zote tano nilizoziacha.

Ukiamua kupunguza, usifute tu. Hamisha makala nzuri, kisha elekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa 301 (msimbo wa kusema ukurasa umehama moja kwa moja), na uendelee kulilipia jina la zamani angalau mwaka mmoja.