Daftari la Bei za Nyumba: Namna ya Kufuatilia Mauzo na Historia ya Matangazo Katika Eneo Moja la Dar es Salaam

Mtu akitaka kujua nyumba fulani ya Leeds, Uingereza, iliuzwa kwa bei gani mwaka 2003, anafungua tovuti ya usajili wa ardhi wa England na Wales, ambako bei za mauzo zimewekwa wazi tangu 1995, na jibu analipata bila malipo. Tanzania hatuna daftari la namna hiyo. Ukiomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, utaelezwa mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani au zuio juu ya hati hiyo, lakini hutapewa orodha ya bei walizouziana majirani. Kinachombakia mnunuzi ni matangazo ya madalali, na tangazo husema bei inayoombwa tu, si bei iliyolipwa. Katika kazi yangu ya uthamini nimezoea kujiwekea daftari langu mwenyewe, na hapa ninaeleza namna ya kulianzisha ukiwa na simu na programu yoyote ya majedwali.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa eneo

Usianze na wilaya nzima. Chagua eneo unaloweza kulizunguka kwa bodaboda ndani ya saa moja, kwa mfano sehemu moja ya Goba au ya Kinyerezi, kisha uchore mpaka wake kwenye ramani ya simu. Majina ya maeneo ni mtego wa kwanza. Anayesema anauza nyumba "Mbezi" anaweza kumaanisha Mbezi Beach iliyo upande wa bahari, au Mbezi ya Barabara ya Morogoro iliyo karibu na kituo cha mabasi cha Magufuli, na soko la moja halifanani kabisa na la nyingine. Vilevile umbali kutoka lami upime mwenyewe kwa ramani, kwa sababu "dakika tano kutoka lami" huwa haisemi ni dakika tano za nani.

Katika ukurasa wa kwanza andika tarehe za mambo yaliyobadilisha eneo. Aliyekuwa akifuatilia Kigamboni hawezi kuchanganya bei za kabla ya daraja kufunguliwa Aprili 2016 na za baada yake, na wa Kimara anapaswa kukumbuka kwamba mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 na bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro ikafuata 2017. Nyumba iliyopigwa X nyekundu na nyumba iliyo nje ya hifadhi ya barabara haziwekwi katika kundi moja, hata kama ukuta wao ni mmoja.

Hatua ya 2: Fungua majedwali mawili, si moja

Wengi hukosea hapa. Hufungua jedwali moja, nyumba moja mstari mmoja, na bei ikishuka hufuta ya zamani na kuandika mpya, na kwa kufanya hivyo hufuta historia yenyewe waliyokuwa wakiitafuta. Jedwali la kwanza liwe la nyumba: namba uliyoipa wewe, mahali, ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, hali ya jengo, na aina ya nyaraka. Jedwali la pili liwe la matukio: tarehe, namba ya nyumba, nani alitangaza, bei, maneno yaliyotumika, na mahali ulikoyaona. Katika jedwali la matukio hakuna kinachofutwa. Kila badiliko huongezewa mstari wake.

Hivi ndivyo nyumba moja ya vyumba vitatu ilivyo katika daftari langu, nikiiita GB-17:

4 Machi: dalali D3, milioni 145, "maongezi yapo".
29 Machi: dalali D8, milioni 150, picha zilezile.
17 Mei: dalali D3, milioni 130, "bei imeshuka, mwenye mali ana haraka".
2 Julai: matangazo yote yameondolewa.
19 Julai: imeuzwa, milioni 112, chanzo mnunuzi.

Mistari hii mitano inasema mambo ambayo bei ya mwisho peke yake isingeyasema. Nyumba ilikaa sokoni siku 137. Iliuzwa kwa asilimia 77 ya bei iliyoombwa mwanzoni, na asilimia 86 ya bei iliyoombwa mwishoni. Ile milioni 150 ya D8 haikuwa bei ya mwenye nyumba. Ilikuwa na cha juu ndani yake, yaani nyongeza ya dalali mwenyewe.

Madalali nawaandika kwa alama, na wauzaji siwaandiki kabisa. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na kwa vyovyote hesabu ya bei haihitaji jina la mtu wala namba yake ya simu.

Hatua ya 3: Hifadhi tangazo siku ileile unapoliona

Tangazo la kwenye stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. La Facebook hurekebishwa, na la tovuti hufutwa nyumba inapouzwa au dalali anapoacha kulilipia. Kwa hiyo piga picha ya skrini yenye bei, maelezo na tarehe, uipe jina la faili linaloanza na namba ya nyumba na tarehe, kisha uiweke kwenye folda moja. Kwa matangazo ya tovuti za wazi, ingiza anwani ya ukurasa katika Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, ili nakala yake ihifadhiwe. Mara nyingine utakuta mtu mwingine alikwisha kuuhifadhi miezi kadhaa nyuma, ukiwa na bei tofauti. Kwa chapisho la Facebook lililorekebishwa, angalia historia ya marekebisho, kwa kuwa bei ya awali mara nyingi bado imo humo.

Siku mbili kwa wiki zinatosha. Mimi hutumia Jumatano na Jumamosi, kwa kuwa madalali wa eneo langu hutangaza zaidi kuelekea mwisho wa wiki.

Hatua ya 4: Tambua nyumba ileile katika matangazo tofauti

Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo iliyoniaibisha nilipokuwa mgeni katika kazi. Mteja aliniuliza bei ya mapagale katika kipande kimoja cha Madale. Nilikusanya matangazo matano ya mapagale yasiyoezekwa, ya milioni 48, 50, 52, 55 na 60, nikapiga hesabu, nikamwambia wastani ni milioni 53. Tulipokwenda kuyaona, dalali wa kwanza alitupeleka kwenye pagale moja lenye mti wa mwembe mbele ya kibaraza. Dalali wa pili akatupeleka hapohapo. Wa tatu alipopinda kona ileile, mteja wangu alicheka, mimi sikucheka. Matangazo matano yalikuwa ya pagale moja, na mwenyewe, tulipompata, alikuwa akitaka milioni 45.

Tangu siku hiyo situmii bei wala maelezo kutambua nyumba. Natumia vitu visivyohama. Angalia muundo wa geti, nondo za madirisha, nguzo ya umeme, tangi la maji, mti, na namna paa la jirani linavyoonekana nyuma ya ukuta. Ikiwa picha imekatwa au kugeuzwa, ipitishe Google Lens, nayo mara nyingi itakuletea tangazo jingine lenye picha hiyohiyo. Kumbuka pia kinyume chake: kuna matangazo ya chambo, yenye picha nzuri ya nyumba iliyouzwa zamani au isiyokuwepo, yanayowekwa ili simu ya dalali iite. Ukipiga ukaambiwa "hiyo imetoka jana, ila nina nyingine", na wiki inayofuata tangazo bado lipo, liwekee alama na usilihesabu.

Hatua ya 5: Sawazisha vipimo, nyaraka na sarafu

Muuzaji akisema kiwanja ni "20 kwa 20", muulize ishirini za nini. Kama ni mita, ni mita za mraba 400. Kama ni hatua za mtu mzima, tuseme za sentimita 90, basi ni mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324. Kwa bei ya milioni 12, kiwanja cha kwanza kinauzwa shilingi 30,000 kwa mita ya mraba na cha pili shilingi 37,000 na ushei, ingawa matangazo yao yanafanana neno kwa neno. Nami hubeba futi ya kamba ya mita 50.

Nyaraka nazigawa katika makundi matatu: chenye hati miliki, kilichopimwa ambacho hati yake haijatoka, na kisichopimwa chenye karatasi za mauziano za serikali ya mtaa peke yake. Usilinganishe bei za kundi moja na za jingine.

Kuhusu sarafu, matangazo ya zamani ya Masaki na Oysterbay yaliandikwa kwa dola, kabla ya kanuni za Machi 2025 kupiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Yageuze kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya tangazo, si cha leo. Dola ilikuwa chini ya shilingi 2,350 mwanzoni mwa 2023 na ikapita 2,600 katikati ya 2024, kwa hiyo nyumba ambayo bei yake ya dola haikuguswa itaonekana imepanda kwa zaidi ya asilimia 10.

Hatua ya 6: Tafuta bei iliyolipwa

Tangazo kuondolewa si ushahidi kwamba nyumba imeuzwa. Andika "limeondolewa" na usubiri. Bei ya kweli utaipata kwa mnunuzi, kwa muuzaji, au kwa dalali aliyefunga biashara, na hata hapo kila mmoja ana sababu ya kuipindisha. Mkataba wenyewe si msahafu, kwa sababu kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu hutokana na thamani ya mauziano, na wapo wanaoandika pungufu ili walipe pungufu.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya mzunguko. Dalali simuulizi nyumba ilikwenda kwa bei gani. Namuuliza walikubaliana udalali wa asilimia ngapi, na siku nyingine, katika mazungumzo mengine, namuuliza alipata kiasi gani. Akisema asilimia tano, na baadaye akalalamika kwamba alitoka na milioni tano na laki sita tu, nina milioni 112. Kisha naiuliza kwa mtu wa pili. Kila bei naipa daraja: A ikithibitishwa na pande mbili, B ikiwa na chanzo kimoja, C ikiwa ya kusikia barazani. C haziingii kwenye hesabu.

Hatua ya 7: Piga hesabu chache

Kwa daftari dogo, wastani hudanganya, kwani nyumba moja ya ghorofa huwavuta wenzake wote juu. Tumia bei ya katikati: panga bei kutoka ndogo hadi kubwa uchukue iliyo katikati, kazi ambayo fomula ya MEDIAN huifanya. Hesabu pia siku za kukaa sokoni, na uwiano wa bei iliyolipwa kwa bei ya kwanza kuombwa. Uwiano huo ukiujua kwa eneo lako, hata tangazo jipya la leo asubuhi utalisoma kwa jicho jingine. Chini ya nyumba sita za kundi moja sitoi jibu.

Hatua ya 8: Tenga minada

Nyumba inayouzwa na benki kwa mnada iandikwe kwenye ukurasa wake, kwa kuwa muuzaji wake hana hiari ya kusubiri. Lakini usiitupe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinasema kwamba nyumba iliyowekwa rehani ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko wastani wa bei za mali zinazofanana nayo katika soko huria, mkopeshaji atachukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Ikiwa nyumba sita zinazofanana katika daftari lako zina wastani wa milioni 120, mstari wa hatari uko kwenye milioni 90, na nyumba iliyopigwa mnada kwa milioni 85 ina swali la kujibiwa. Angalia kwamba sheria imetaja wastani, kwa hiyo kwa kazi hii weka kando bei ya katikati. Chagua mauzo ya daraja A peke yake, yenye tarehe za kabla ya mnada, ya kundi moja la nyaraka, na uyachapishe pamoja na picha za skrini za matangazo yake.