Kuchagua Plau ya Theluji Iliyotumika kwa Trekta Dogo

Wengi wetu tuliohamia jimbo la Maine kutoka Kongo, Burundi au Rwanda tulianzia kwenye nyumba za kupanga mjini Portland na Lewiston, ambako kuondoa theluji ni shughuli ya mwenye nyumba. Anayehamia nje ya mji, akapata nyumba yenye njia ndefu ya changarawe hadi barabarani, huona katika dhoruba ya kwanza tu kwamba koleo halitoshi. Trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 50 huimudu kazi hiyo vizuri, mradi lifungwe plau inayolifaa, yaani bapa pana la chuma la kusukumia theluji, na kwa kuwa plau mpya ni ghali, wengi hununua iliyokwisha kutumika.

Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe ukubwa wa bapa wala rangi yake, bali ni wapi plau inafungwa kwenye trekta, kwa sababu hapo ndipo kishindo chote huishia bapa linapogonga jiwe lililoganda ardhini. Na litagonga, hata dereva awe mwangalifu namna gani.

Plau inayofungwa nyuma, kwenye mikono ya kunyanyulia zana, ndiyo nyepesi kuielewa na haina mengi ya kuharibika. Udhaifu wake ni kwamba ukiikokota, matairi huishindilia theluji kabla bapa halijaifikia, na ukiisukuma kwa rivasi, unafanya kazi shingo imegeuka. Hakikisha tu kwamba pini zinalingana: matrekta mengi madogo yana kifungio cha ukubwa wa daraja la kwanza (Category 1), lenye pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19, ilhali daraja la pili lina milimita 28 na 25.

Plau inayofungwa kwenye loda, yaani mikono ya mbele ya kunyanyulia ndoo, mahali pa ndoo hiyo, ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Mikono hiyo imeundwa kunyanyua mzigo, haikuundwa kupokea pigo la upande kwenye ncha yake. Msimu wangu wa kwanza niliifunga plau ya namna hiyo na kuendesha haraka kidogo kuliko mwendo wa mtu anayetembea, mpaka kona ya kushoto ilipokutana na jiwe lililofunikwa na theluji. Trekta lilisimama ghafla. Kesho yake, nilipoirudisha ndoo na kuishusha kwenye sakafu ya saruji, kona moja ilikaa juu kwa upana wa vidole viwili: mkono ulikuwa umepinda, na kuunyoosha kulinigharimu kuliko bei ya plau yenyewe. Aliyeniuzia hakusema uongo aliponiambia kwamba ilimtumikia miaka mingi, ila yeye alikuwa ameifunga kwenye mashine nzito zaidi, nami sikumwuliza. Ukiamua kuchukua ya aina hii, uwe na bapa linalojikunja kwa springi likigonga kitu, uendeshe polepole, na uthibitishe kwamba kifungio chake ni cha loda yako, kwa maana John Deere wana kulabu zao na watengenezaji wengine hutumia sahani ya mashine za skidi-stia, zile loda ndogo za kazi za ujenzi.

Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni plau yenye fremu inayopita chini ya tumbo la trekta na kufungwa kwenye chasisi, kwani pigo hupokewa na mwili mzima wa trekta. Lakini fremu hizo hutengenezwa kwa modeli maalumu, kwa hiyo omba namba ya modeli kabla ya kufunga safari, na usikubali plau ambayo fremu yake "ipo mahali fulani ghalani". Kuhusu plau za magari ya pikapu, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia, ukumbuke kwamba moja pamoja na fremu yake huweza kuzidi kilo 300. Trekta dogo likibeba uzito huo mbele, magurudumu ya nyuma hukosa mshiko, na utalazimika kuongeza uzito nyuma pamoja na minyororo ya matairi.

Upana hupimwa bapa likiwa limegeuzwa upande, kwa kuwa ndivyo linavyofanya kazi. Bapa la futi 6, yaani sentimita 183, likigeuzwa nyuzi 30 husafisha takriban sentimita 158 tu. Pima trekta lako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa jingine, kisha ugawe kwa 0.87, ambayo ndiyo sehemu ya upana inayobaki bapa likigeuzwa nyuzi 30, na usinunue bapa fupi kuliko kipimo unachopata, la sivyo matairi yatakanyaga theluji uliyokwisha kuisukuma kando.

Ukifika kwa muuzaji, anza na pini kubwa ambayo bapa hugeukia. Omba ichomolewe, futa grisi, kisha upitishe kidole gumba ndani ya tundu. Tundu zima ni duara kamili. Lililochoka limekuwa kama yai, na kidole huuhisi ule ukingo mdogo pale chuma kilipoliwa kabla jicho halijauona. Pini mpya haitatibu tundu la namna hiyo. Fundi atalazimika kulitoboa upya na kutia bushi. Kisha angalia maungio ya mbavu na mgongo wa bapa, ambako chumvi ya barabarani hujificha na kutu huanzia, na utilie shaka rangi mpya iliyopakwa hapo peke yake.

Springi ikilegezwa kabisa, koili zake zapaswa kugusana. Zikiacha nafasi, imechoka. Kisu cha chini si tatizo kikiwa kimekwisha, maana hufungwa kwa bolti na hubadilishwa, lakini mwenye plau akiendelea kuitumia baada ya kisu kuisha, huwa ameisaga pindo ya bapa lenyewe, na hiyo ni gharama kubwa. Kwa njia ya changarawe, uliza pia kama viatu vya kuegemea chini vipo, kwani bila hivyo utakuwa unaichota changarawe yako na kuimwaga kwenye nyasi.

Jeki za mafuta (haidroli) za kugeuza bapa zinyooshwe hadi mwisho, nawe upitishe ukucha kwenye fimbo zake: ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili zinazozuia mafuta yasivuje hazitadumu. Tafuta vali ya usalama inayoruhusu mafuta kupita upande wa pili kona ikigongwa, kwani bila hiyo kishindo huishia kwenye mipira ya kupitishia mafuta na jeki. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono, kwa sababu mafuta yenye presha hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali hata likionekana dogo kama tundu la sindano.

Bei hushuka kuanzia Aprili, theluji inapoyeyuka na watu wanapotaka nafasi kwenye maghala yao. Ukinunua wakati huo, iweke plau juu ya mbao isiguse udongo, rudisha jeki ndani, na sehemu ya fimbo itakayobaki nje uipake grisi.