1UZ kwenye Hilux: pima presha ya petroli kwanza, hedasi baadaye

Ukiiwasha 1UZ, ile V8 ya Toyota Crown, ndani ya Hilux kwa mara ya kwanza ule mlio unalevya, unasahau kabisa kwamba kazi bado. Siku ya tatu gari inanuka petroli, plagi nyeusi kama chungu cha kuni, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, na kila fundi anayekatiza gereji anakwambia "hiyo regulata hiyo", yaani kile kidude kinachosawazisha presha ya mafuta. Mimi nilinunua regulata mbili kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa ushauri wa namna hiyo na regulata ya kwanza ilikuwa nzima tu, mchawi alikuwa flenji ya hedasi (uso wa kufungia mabomba ya ekzosi kwenye injini). Kwa hiyo nakupa mpangilio ninaoutumia sasa ili usije ukatupa hela kama mimi.

Gari ninayoizungumzia ni Hilux ya usukani wa kulia iliyokuwa na dizeli ya 3L, tanki ni lile lile (limeoshwa vizuri, tafadhali), injini ni 1UZ-FE za mwanzo, lita 4.0, zile Toyota walizoanza nazo 1989 kwenye Lexus LS400.

Hatua ya 1: funga geji

Chukua geji ya 0 mpaka 100 psi, weka kiungo cha T kwenye mpira wa kupeleka mafuta karibu kabisa na reli ya injekta. Kabla hujafungua chochote chomoa rilei ya pampu, washa injini mpaka ijizimie yenyewe, ndio ufungue, na hata hapo weka kitambaa maana yatamwagika kidogo. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na anayevuta sigara akavutie barabarani. Mpira na klipu ziwe za injeksheni, ule mpira laini wa kabureta usiuguse hata kama muuza duka anakuapia.

Hatua ya 2: soma namba tatu

Injini imezimwa, swichi on, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS ili pampu izunguke. Geji iseme 38 mpaka 44. Toa waya, washa gari, kwenye sailensi itashuka kwenye 30 na kitu kwa sababu vakyumu inaivuta regulata, ukichomoa kale kampira ka vakyumu ukakaziba na kidole geji irudi kwenye 40 hivi. Geji isipobadilika basi kampira kamefungwa pasipo na vakyumu ya kweli au kamepasuka, na ukikuta petroli ndani yake regulata imechanika tumboni, hiyo badilisha bila kujadili. Namba ya tatu ni baada ya kuzima, dakika tano zikipita isiwe chini ya 21.

Hatua ya 3: kama namba zimekataa

Presha iko juu, tuseme 50 kwenye sailensi? Hapa ndio swap (kubadilisha injini) kwenye gari zilizokuwa za dizeli zinatukamata wengi. Paipu ya ritani ya 3L ni nyembamba, ilitengenezwa kurudisha mafuta kidogo, sasa wewe umeweka pampu ya lita 255 kwa saa kwa sababu uliambiwa ndio ya kiume, mafuta yanarudi mengi kuliko paipu inavyoweza kupitisha na regulata inabaki inatazama tu. Chomoa ritani pale kwenye regulata, weka mpira mpana uende kwenye kidumu, washa. Presha ikishuka ikakaa sawa, regulata haina kosa, badilisha paipu ya kurudi weka ya mm 8 au zaidi mpaka tankini, au rudi kwenye pampu ya kawaida. Na usidharau, regulata inayotakiwa kukaa kwenye 42 ikikaa kwenye 60 injekta zinamwaga kama asilimia 20 zaidi.

Presha iko chini? Bana mpira wa ritani kidogo kidogo, sekunde mbili tu. Geji ikiruka juu haraka pampu ni nzima, regulata ndio inapitisha ovyo. Isiporuka angalia filta, halafu pima volti pale pale kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, sio kwenye betri, nimeshakuta 9 na kitu kwa sababu mtu alivuta umeme wa pampu kwa waya wa spika.

Hatua ya 4: hedasi

Namba zote zikiwa sawa na gari bado inanuka, njoo huku. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni haitoi moshi tu, inavuta na hewa ya nje, sensa inadhani mafuta hayatoshi, kontroli boksi inaongeza. Ndio maana dalili zinafanana na regulata mbovu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa washa usikilize tik tik tik, ikipata moto inapotea kwa sababu chuma kimetanuka kikaziba. Ili kuona pa kuvuja, zima, injini ikiwa baridi puliza hewa ya kompresa taratibu kwenye bomba la nyuma, umezungushia kitambaa, na paka maji ya sabuni kwenye flenji.

Flenji za kuchomelea mtaani hupinda. Toa hedasi, laza rula ya chuma, fila (kile kibati cha kupimia nafasi) ya 0.5 mm ikipita chini yake ipeleke ikasawazishwe, usiweke gasketi mbili. Kukaza anza nati za katikati kwenda pembeni, washa mpaka ipate moto, acha ipoe usiku, kaza tena.

Upande wa kulia ndio wenye kesi, shafti ya stelingi inapita hapo hapo. Ukipiga resi injini inajizungusha kwenye mauntingi na upande huo wa kulia ndio unaobonyea chini, kwa hiyo nafasi unayoiona ikiwa imezimwa sio nafasi halisi. Kanda donge la unga wa ngano kama wa chapati, bandika kwenye shafti injini ikiwa baridi, mwenzio akanyage breki, aweke D apige resi kidogo, usisimame mbele ya gari. Toa donge pima palipobonyea, chini ya mm 10 sikubali, mabomba yakatwe yachomelewe upya. Kugonga bomba na nyundo kidogo sawa, kugonga mpaka liwe bapa hapana.

Ukishafunga kila kitu hakikisha mpira wa mafuta haupiti karibu na hedasi, uvushe upande wa pili wa chesisi, halafu irudie ile hatua ya 2 kabla hujairudisha geji kwa mwenyewe.