Mambo ya kuzingatia kabla zahanati za pwani ya Tanga hazijaanza kutegemea vipimo vya nanochembe

Zahanati ya Pangani, Mkinga au pembezoni mwa jiji la Tanga inayokusudia kuagiza vipimo vinavyotumia nanochembe, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kutambua virusi na vimelea haina budi kujua kwamba ubora wa majibu huamuliwa kwa kiasi kikubwa na maandalizi yanayofanyika kabla mgonjwa hajafika. Teknolojia yenyewe si ngeni kwetu. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi hutokana na nanochembe za dhahabu, zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 40 hivi, zilizovikwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea.

Jambo linalostahili uangalizi mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hifadhi. Vipimo vingi huruhusiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, vingine 40, ilhali mchana wa kaskazi hapa Tanga huvuka nyuzi 30 hata kivulini, na stoo yenye bati bila dari huwa na joto zaidi. Dhahabu haidhuriki kwa joto hilo. Zinazoharibika ni kingamwili, ambazo ni protini, na zikishaharibika chembe hupita bila kunasa kitu. Kwa hiyo pimajoto liwekwe stoo, lisomwe na kuandikwa kila siku, tena mchana, kabla hata shehena ya kwanza haijapokelewa. Unyevu nao ni adui: pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa tayari ameketi, na kipimo ambacho kifuko chake cha kufyonza unyevu kimebadilika rangi kisitumike.

Bafa, yaani kimiminika maalumu cha kudondoshea kwenye kipimo, iliyo ndani ya boksi isibadilishwe kwa maji ya bomba, wala ya kisima, ambayo pwani mara nyingi huwa na chumvi, wala kwa bafa ya kipimo kingine, kwani kuna hatari ya kupata mstari wa uongo kwa mtu asiye na ugonjwa.

Wahudumu wafundishwe pia mipaka ya kile kinachopimwa. Protini ya HRP2 ya malaria huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo aliyetibiwa karibuni anaweza kuonyesha mstari ingawa amepona. Hapo hadubini ndiyo ya kuamua. Kwa homa ya dengi, iliyosumbua Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019, antijeni ya NS1, yaani protini ya kirusi chenyewe, hupatikana zaidi katika siku za mwanzo za homa, na kwa anayechelewa kufika hutafutwa kingamwili zilizotengenezwa na mwili wake. Tena mstari wa uthibitisho, ule unaopaswa kutokea hata kwa asiye na ugonjwa, huonyesha tu kwamba kimiminika kimetiririka na chembe zinafanya kazi. Katika vipimo vingi hauthibitishi kwamba damu ilitosha.

Saa ya ukutani, glavu na kisanduku cha vitu vyenye ncha kali viwepo mapema. Hatimaye ikubaliwe kwa maandishi mgonjwa mwenye dalili kali na majibu hasi atapelekwa wapi, sampuli yake itasafirishwaje hadi maabara kubwa, na nani atampigia simu majibu yatakapotoka.