Kibao Hakilindi Msitu: Ushauri kwa Kamati za Maliasili za Vijiji

Vijiji vingi vya Lindi, Ruvuma, Morogoro na Manyara vina misitu ya miombo ndani ya mipaka yao, na si vichache vilivyokwisha kutundika kibao cha "Msitu wa Hifadhi wa Kijiji". Kibao kina kazi yake. Lakini ukiingia ndani kidogo ukakutana na visiki vibichi vya mninga na mkongo, ujue kazi iliishia kwenye rangi. Msimamo wangu ni kwamba kinacholinda msitu wa kijiji kwanza ni mapato ambayo mwanakijiji ameyasikia yakisomwa mkutanoni. Doria huja baada ya hapo, kwa sababu mtu halindi mali ambayo hajawahi kuonja faida yake.

Duru-Haitemba, wilayani Babati, inafaa kukumbukwa hapa. Mapema miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuutwaa msitu ule uwe hifadhi yake. Watu waliposikia hivyo, walikimbilia kukata kabla milango haijafungwa. Uharibifu ulipungua pale vijiji vinane vinavyouzunguka vilipoambiwa kuwa msitu ni wao na wao ndio watakaoutungia masharti. Walinzi wakawa ni wale wale waliokuwa wakikata.

Leo sheria iko upande wenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga na kutangaza msitu wake. Mpakani anzeni na majirani: wazee wa vijiji vyote viwili watembee pamoja, wakubaliane mto upi na mti upi, na muhtasari usainiwe pande zote. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kupata hati, na ugomvi unaozuka baadaye huwa mrefu kuliko muda waliouokoa. Baada ya hapo undeni kamati ya maliasili, pimeni msitu, andikeni mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji upitishe, kisha sheria ndogo ziende baraza la madiwani. Afisa misitu wa wilaya awe nanyi tangu mwanzo. Msimwite siku ya kugonga muhuri tu.

Kamati isijazwe wenye mashamba peke yao. Mfugaji anayepitisha ng'ombe msituni wakati wa kiangazi, mrina asali, mama anayeokota kuni na mganga wa mitishamba wote wanatumia msitu huo. Mkiwatungia sheria bila kuwaita, mmewatungia sababu ya kuingia usiku. Tengeni maeneo: hapa kuvuna magogo, hapa malisho, hapa mizinga, hapa chanzo cha maji pasiguswe. Kumbukeni kuwa sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Sasa kuvuna, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Msitu ukishatangazwa kisheria, mrabaha wa mazao yake ni wa kijiji, ingawa vijiji vingi hukubaliana kuiachia halmashauri ya wilaya sehemu kwa huduma za kitaalamu. Kilwa, kijiji cha Kikole ni miongoni mwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na mpingo wake ukauzwa kwa masharti ya kijiji. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeuza kwa bei ya kutupa anauza jasho la babu yake na la mjukuu wake kwa pamoja.

Msiuze mti kwa kuutazama, wala kwa "kipande". Uzeni kwa mita za ujazo, na kamati ishike futi yake yenyewe. Chukua gogo la mita 3 lenye kipenyo cha sentimita 40 katikati: ujazo wake ni mita za ujazo 0.38 hivi. Mnunuzi akiandika sentimita 36, hesabu inashuka hadi 0.31 hivi. Sentimita nne tu zimekula karibu moja ya tano ya gogo, na hakuna aliyeiba kwa panga. Ili kuzuia ubishi, zungusha futi kwenye gogo: mzingo wa sentimita 126 ni kipenyo cha 40, wa 113 ni kipenyo cha 36. Watu wawili wapime, wa tatu aandike.

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gogo liwe na namba, jina la mti, vipimo, bei, stakabadhi na tarehe. Fedha ipite benki. Kila robo mwaka mhasibu asome mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu, pamoja na posho za doria, kwa sababu posho ndiyo inayozua minong'ono kuliko kitu kingine chochote. Kijiji kinachoona darasa limeezekwa kwa fedha za mninga hakihitaji kuhubiriwa uhifadhi.

Moto nao usiachwe. Moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unaua miche na kuunguza hata miti mikubwa. Ili ukose cha kula, chomeni nyasi wenyewe mapema, mara baada ya mvua kuisha zikiwa bado na unyevu, kwa vipande, asubuhi au jioni, upepo ukiwa umetulia, na majirani wakiwa wamearifiwa. Msing'oe miche ya mninga mkidhani imekufa: kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina lake hukauka kila kiangazi na kuchipua tena, huku mzizi ukinenepa chini.

Kwa mkaa, mfano wa Kilosa unafaa kuigwa. Huko eneo la kuvuna liligawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikivunwa kwa kupishana, na kila kipande kikapumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue. Miti ya mbao haiguswi. Mchoma mkaa analipia kibali kijijini, akiruhusiwa kipande chake na si kingine.

Jambo la mwisho ni nyundo ya kijiji ya kugonga alama kwenye magogo yaliyoruhusiwa. Gogo lililogongwa linaonekana halali hata kama liliibwa, kwa hiyo nyundo ikae kwenye kasha lenye kufuli mbili, funguo moja kwa mwenyekiti wa kamati na nyingine kwa mtendaji, na kila inapotoka iandikwe imekwenda wapi na nani kaibeba.