Aiskrimu ya Tui la Nazi, Limau na Pilipili kwa Kufuata Albamu ya "Lemonade"

Mwimbaji wa Marekani Beyoncé alitoa albamu ya "Lemonade" (yaani juisi ya limau) tarehe 23 Aprili 2016, ikiambatana na filamu iliyogawanywa katika sura zinazoanzia kwenye shaka, zikapita kwenye hasira na utupu, hadi zikafika kwenye msamaha na matumaini. Mashairi yanayosomwa katikati ya nyimbo ni ya Warsan Shire, mshairi wa Kisomali aliyezaliwa Nairobi na kukulia London. Jina la albamu linakumbusha maneno ya Hattie White, bibi yake Jay-Z (mume wa Beyoncé), ambaye sauti yake inasikika mwishoni mwa wimbo wa "Freedom" akieleza kwamba alipewa malimau naye akayafanya kinywaji. Nimeisikiliza albamu hii miaka mingi nikiwa jikoni, na aiskrimu ninayoieleza hapa niliitunga kwa kufuata mpangilio wake: uchachu utangulie, ukali wa pilipili ufuate, na utamu wa nazi ubaki mdomoni baada ya vyote.

Haina tone la maziwa ya ng'ombe, kwa sababu mpwa wangu akiyanywa tumbo humsumbua siku nzima. Tui zito lina mafuta ya kutosha kuipa aiskrimu ulaini wake, na mafuta hayohayo huchelewesha ukali wa pilipili kufika ulimini, jambo ambalo ndilo tunalolitafuta.

Mahitaji

Utahitaji nazi 3 kubwa zilizokomaa, malimau 4, sukari gramu 200 za aiskrimu na gramu 100 za shira, wanga wa mahindi vijiko 2 vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, na pilipili mbuzi 1. Ukikosa limau unaweza kutumia ndimu, lakini punguza maji yake kidogo kwa kuwa uchachu wa ndimu ni mkali zaidi. Aiskrimu itakayopatikana ni zaidi kidogo ya lita moja.

Hatua ya kwanza: kukamua tui

Kuna nazi kwa mbuzi, na usifike kwenye kifuu, kwa maana vumbi lake la kahawia hubadilisha rangi na kuacha ladha ya ukali. Mimina maji ya uvuguvugu nusu lita juu ya nazi, ifikiche kwa mkono kwa dakika kadhaa, kisha ichuje kwa kifumbu au kitambaa safi ukiminya kwa nguvu. Hili ndilo tui zito. Rudishia chicha maji kidogo na ukamue tui la pili, ulitenge kwenye bakuli lake. Pima tui zito. Likipungua mililita 700, lijazie kwa tui la pili hadi lifike hapo, halafu weka pembeni mililita 100 za tui la pili kwa ajili ya wanga. Tui la kopo linafaa pia, mradi usome maandishi yake na uchague lisilotiwa sukari wala unga wa maziwa.

Hatua ya pili: kupika

Kwaruza ganda la malimau 3, sehemu ya njano peke yake, kwa kuwa utando mweupe ulio chini yake ni mchungu. Vuruga ganda hilo pamoja na sukari gramu 200 kwa ncha za vidole mpaka sukari iwe na unyevu na mikono inukie limau. Mafuta yenye harufu yamo kwenye ganda, na chembe za sukari huyatoa vizuri kuliko kisu.

Koroga wanga ndani ya tui la pili lililo baridi ili usifanye madonge. Bandika tui zito jikoni kwa moto mdogo pamoja na sukari na chumvi, ukikoroga bila kuacha ili tui lisikatike. Likianza kutoa mvuke, mimina wanga taratibu na uendelee kukoroga kwa dakika 3 au 4. Litakuwa tayari utakapochovya mwiko, ukapitisha kidole mgongoni mwake, na mstari ukabaki wazi bila tui kuteremka kuuziba. Epua mara moja.

Onja likiwa bado vuguvugu. Linapaswa kuwa tamu kupita kiasi, kwa sababu ubaridi hupunguza utamu ulimini, na maji ya limau bado hayajaingia. Usishawishike kupunguza sukari: sukari ndiyo inayozuia maji yote yasigande, na ikipungua utapata jiwe la barafu.

Hatua ya tatu: limau, baada ya kupoa

Hapa ndipo niliharibu sufuria yangu ya kwanza. Nilitia maji ya limau tui likiwa linachemka, likakatika mbele ya macho yangu, mafuta yakaelea juu na wanga ukalegea ukawa kama maji. Asidi na moto kwa pamoja hudhoofisha wanga, kwa hiyo subiri tui lipoe kabisa, ndipo uchuje mililita 120 za maji ya limau na kuyatia huku ukikoroga. Funika, uweke kwenye friji usiku kucha.

Hatua ya nne: shira ya pilipili

Katika filamu, Beyoncé anatembea mtaani akiwa na gauni la njano huku akivunja vioo vya magari kwa gongo, wimbo wa "Hold Up" ukiendelea kwa utulivu kabisa. Shira hii inafuata roho hiyo, yaani tulivu kwa sura na kali kwa ndani. Chemsha sukari gramu 100 katika maji mililita 100 pamoja na nusu ya pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu. Baada ya dakika 5 itoe pilipili, kisha acha shira ichemke mpaka iwe nzito kama ile ya kaimati. Iache ipoe.

Hatua ya tano: kugandisha

Asubuhi utakuta mafuta ya nazi yameganda juu, nayo hayana ubaya wowote. Saga mchanganyiko kwenye blenda kwa nusu dakika, umimine kwenye chombo kipana cha chuma, na ukiweke kwenye friza. Baada ya dakika 45, kingo zikianza kushika, kwangua na ukoroge kwa nguvu kwa uma ukivunja chembe za barafu zikiwa bado ndogo. Rudia kila nusu saa, mara 4 au 5. Asiye na friza anaweza kuzungushia chombo barafu iliyopondwa sehemu 3 na chumvi ya mawe sehemu 1, kwa sababu chumvi huishusha barafu chini sana ya sifuri. Kazi ni ya mkono mtupu, lakini aiskrimu hutoka laini mno.

Ikishika kama uji mzito, mimina nusu ya aiskrimu chomboni, tia shira kwa michirizi, mimina iliyobaki, kisha pitisha kisu mara moja tu. Ukikoroga zaidi, pilipili itaenea kote na ladha zote zitafika kwa pamoja, mpangilio upotee. Gandisha saa 4 zaidi.

Itoe dakika 10 kabla ya kuipakua. Umeme ukikatika na aiskrimu ikayeyuka, usiigandishe tena, maana itarudi na mchanga wa barafu. Ikiwa bado baridi, iongeze maji ya friji, koroga, na uinywe siku hiyohiyo kama juisi ya limau.