Kufundisha chanzo cha vita vya Marekani: anza na kitambaa cha merikani

Kila mwaka wanafunzi wangu wa sekondari huuliza swali lilelile: Wamarekani waliishi na utumwa tangu taifa lao linazaliwa, iweje ukaja kuwapiganisha wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861? Hivi ndivyo ninavyolijibu darasani. Andaa ramani kubwa ya Marekani, chaki za rangi mbili na vipindi viwili vinavyofuatana.

Hatua ya 1: Weka kitambaa mezani

Tafuta kipande cha merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi. Kipitishe mkono kwa mkono, kisha waulize jina limetoka wapi. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja, na misafara ikakibeba bara kulipia hongo (ushuru wa kupita) na pembe za ndovu. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini. Usiruke hapa, maana wengi huingia darasani wakidhani Kaskazini ilikuwa na mikono safi.

Kisha taja mashine ya Eli Whitney ya mwaka 1793, iliyotenganisha mbegu na nyuzi. Pamba ikawa mali, wakulima wakasogea magharibi na watumwa wao. Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4.

Hatua ya 2: Hesabu viti vya Seneti

Mwaka 1819 majimbo yalikuwa 22: 11 huru, 11 ya watumwa. Wanafunzi wayapake rangi wenyewe. Kila jimbo lina maseneta wawili, basi mizani iko sawasawa. Missouri inabisha hodi ikitaka kuingia na watumwa wake. Wape dakika tano wabishane kabla hujawaambia kilichotokea: mwaka 1820 Missouri ilikubaliwa na watumwa, Maine ikatengwa iwe jimbo huru, na mstari ukachorwa kwenye latitudo ya 36°30′. Katika ardhi iliyonunuliwa kwa Ufaransa, kaskazini ya mstari huo utumwa ulipigwa marufuku, Missouri ikiachwa.

Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba kila ardhi mpya ilikuwa kura mbili. Marekani ilipoinyang'anya Meksiko eneo kubwa mwaka 1848, ugomvi ulianza upya.

Hatua ya 3: Dola 10 na dola 5

Hiki ndicho kiini cha somo. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilimpeleka mtuhumiwa mbele ya kamishna, bila baraza la wazee wa mahakama, na bila haki ya kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna akimrudisha utumwani analipwa dola 10. Akimwachia, dola 5. Raia yeyote angeweza kuamriwa kusaidia kumkamata.

Igizeni. Mwanafunzi aliyewahi kucheza kamishna alizitazama karatasi mbili nilizoziandika tarakimu hizo, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwa nini ya kumwachia ni nusu?" Watetezi wa sheria walidai kurudisha mtu kulihitaji hati nyingi zaidi. Mpe jibu hilo, kisha nyamaza.

Baada ya hapo simulia habari za Anthony Burns, mtumwa mtoro aliyepelekwa melini mwaka 1854 kurudishwa Kusini katikati ya askari huku mitaa ya Boston ikifurika watu. Wengi waliokuwa wakiona utumwa ni mambo ya Kusini waliuona siku hiyo ukipita mlangoni pao.

Hatua ya 4: Pita haraka

Kansas, ambako kuanzia 1854 wakazi waliachiwa waamue kwa kura na wakaishia kuuana; hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1857 katika kesi ya mtumwa Dred Scott aliyedai uhuru wake, iliyosema Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani; John Brown, mpinga utumwa aliyevamia ghala la silaha kule Harpers Ferry, 1859. Usiimbishe tarehe. Kila tukio lirudishe kwenye ramani.

Hatua ya 5: Wasome tamko lenyewe

Atatokea wa kusema vita ilihusu haki za majimbo. Mpe tamko la South Carolina, iliyojitenga Desemba 1860 baada ya Lincoln, aliyepinga utumwa kuenea kwenye ardhi mpya, kushinda urais. Ayatafute malalamiko kwa penseli. Atakuta South Carolina inayashutumu majimbo ya Kaskazini, kwa majina, kwa kutunga sheria zao wenyewe za kukwamisha urudishaji wa watumwa watoro. Mwache aisome aya hiyo kwa sauti, mara mbili.